Nimefungwa waya za meno nikiwa na miaka 41 na kazi yangu ni porini: wenye uzoefu naomba msaada

Dereva wa Usa

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, makazi Usa River, nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai. Waliokulia ukanda huu wameshaelewa: meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota. Rangi siyo shida niliyoileta hapa. Ukoo mzima tunacheka hivyo hivyo na wake tumepata.

Kilichonipeleka kwa daktari ni meno ya mbele ya chini. Yamepandana, na nikifunga mdomo yanapanda mpaka yanagusa ufizi wa juu, nyuma ya meno ya mbele. Pale pamekuwa na kidonda cha miaka, kikipona leo kesho nakitonesha tena. Daktari alipiga picha, akaniambia ufizi unazidi kuliwa na nisiposhughulikia nitapoteza meno ya mbele yakiwa hayana hata tundu moja. Akaanza kwa kunikwangua ukoga, tukasubiri fizi zitulie, ndipo akanifunga waya juu na chini. Gharama ni milioni tatu na kitu, nalipa kidogo kidogo kila ninapokwenda kukaza waya. Bima ya kazini walijibu kwamba huo ni urembo, wakafunga faili.

Maumivu ya siku za kwanza nilishaambiwa, na nimeyavuka. Haya yanayofuata ndiyo sikuambiwa na mtu.

Juu ya magego yangu ya chini kumebandikwa vibonge viwili vya buluu, vya gundi ngumu. Kazi yake ni kuzuia meno ya juu yasigonge vyuma vya chini nikifunga mdomo. Matokeo yake mdomo mzima unakutana sehemu mbili tu, moja kulia na moja kushoto, mengine yote yanaelea. Nilikaa na ugali na maharage, chakula ambacho bibi yangu asiye na meno anakimaliza, nikatafuna mpaka ugali ukapoa, na bado nikameza maharage mazima kama vidonge.

Halafu kuongea. Kazi yangu imejaa S mwanzo mwisho. Simba, swala, siafu, Serengeti, Seronera, saa sita tutakula, samahani mama tufunge dirisha. Zote zinatoka na mluzi, na nisipoangalia zinatoka na mate. Kwenye Kiingereza ndiyo usiseme. Mgeni mmoja alinisogelea kwa huruma akaniuliza kama nilipata ajali.

Chakula cha porini mnakijua, kile cha boksi: paja la kuku wa kukaanga, mkate mkavu, tufaha, karoti, yai la kuchemsha, pakiti ya karanga, biskuti. Katika hivyo vyote mimi nakula yai. Nikimaliza kula yai sina pa kupigia mswaki, maana pale lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, foleni ya choo ina wageni wangu mwenyewe, nao wanataka kujua twiga analala masaa mangapi.

Na barabara. Lami inaishia lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, baada ya hapo ukishuka kuelekea Serengeti ni rasta tupu, yale mawimbi ya barabara ya vumbi. Safari iliyopita waya ulitembea ukachomoza nyuma ya gego la kushoto, ukaanza kunichoma shavu. Niko Seronera, daktari wangu anakuja Arusha kutoka Dar mara moja kwa mwezi. Nilirudi shavu limechanika ndani.

Juu ya hayo kibati kimoja, vile vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya, kimebanduka na sijala kitu kigumu. Je, inatokana na haya meno yangu ya kahawia?

Kijiweni wananiita Fomu Wani. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba mama yangu alitazama mdomo, akauliza bei, akanyamaza, halafu akasema hiyo pesa ingeezeka banda la ng'ombe na chenji ikabaki.

Nawaomba waliofungwa wakiwa watu wazima, siyo wale wa shule ambao mama alikuwa anawasagia chakula. Mnakula nini? Mnaongeaje na wateja? Waya ukichoma ukiwa mbali na mji unafanyaje?

---

Chalii wa Sakina

Pole mkuu. Mimi nilijua hizo ni za watoto wa shule za Njiro wanaoshushwa na gari la nyumbani. Miaka 41 si ungeacha tu yajiishie yenyewe? Hata hivyo mama yako ana hoja ya banda.

---

Mama Kiboriloni

Kaka Dereva, karibu kwenye chama. Mimi ni mwalimu huku Moshi, nilifungwa nikiwa na miaka 36 na nilivaa miaka miwili na miezi kadhaa. Chalii mwache, akipata kidonda cha ufizi atakuja kutuuliza hapa hapa.

Kwanza vibonge. Mimi pia niliwekwa, na nakwambia kweli, ndiyo kipindi kigumu kuliko chote. Wanaosimulia habari za waya wanasimulia maumivu, hawasimulii njaa. Mimi nilipungua mpaka magauni yakanipwaya, walimu wenzangu wakadhani naumwa. Nilichojifunza ni kwamba usijaribu kula chakula chako cha zamani kwa taratibu. Badilisha chakula.

Mtori ndio ulinilea. Na mtori wa kweli, siyo ule wa hotelini uliojaa maji. Chukua ndizi mshare, nyama ya mfupa ichemke mpaka iachane na mfupa yenyewe, uichambue kwa mkono nyuzi nyuzi fupi, ndizi zipondwe ndani ya ile supu kwa mwiko. Ukiuacha mzito kidogo unakaa kwenye thermos tangu alfajiri hadi mchana na bado ni wa moto. Wewe mtu wa gari unaweza kubeba thermos mbili, moja ya mtori na moja ya uji wa ulezi. Kiburu nacho kinafaa ukikiponda sawasawa. Nyie wa upande wa Meru mna loshoro, kuna chakula gani laini kuliko hicho? Mtindi, parachichi, viazi vya kuponda, mayai ya kuvuruga, samaki asiye na miba. Ukipita Mto wa Mbu nunua zile ndizi nyekundu, zikiiva vizuri hazihitaji jino.

Makande niliyaacha miezi ya mwanzo, baadaye nikayarudia. Nalowesha mahindi na maharage usiku kucha, nachemsha kwa moto mdogo mpaka yapasuke. Kuna watakaokwambia uweke magadi yalainike haraka. Mimi siweki, sipendi ile ladha.

Vya kusahau kabisa: muwa, mahindi ya kuchoma, karanga ngumu, kashata, Big G, na kung'ata kitu chochote kwa meno ya mbele. Tufaha likate vipande vyembamba, karoti iombe ichemshwe. Paja la kuku lichambue kwa kisu, usilipeleke mdomoni na mfupa. Mchicha usile kabla ya kikao. Binzari ya manjano ni tamu ila zile raba ndogo zinazoshika waya zinageuka njano kwa mlo mmoja, kwa hiyo siku ya kukaza waambie wakuwekee raba za kijivu, siyo nyeupe. Na mbege, kama huwa unafika kwa wakwe huku mlimani, kinywaji chenyewe hakina shida, ila zile pumba za ulezi zinanasa kwenye vibati vyote na huzioni mpaka ufike kwenye kioo.

Kuongea. Siku niliyorudi darasani nilikuwa na kipindi cha Sayansi cha darasa la sita. Sayansi! Watoto walicheka, nami nikaacha wacheke, halafu nikawaonyesha vibati kwa karibu na kuwaeleza jinsi jino linavyosogea. Kikawa kipindi kizuri kuliko nilivyokuwa nimeandaa. Ulimi unajifunza upya, kwangu ulichukua majuma machache. Wewe waambie wageni mapema, asubuhi ya kwanza, kabla hawajaanza kukuonea huruma.

Dawa ya maumivu nilikuwa nameza panadoli kabla ya kwenda kukaza waya, siyo baada ya kuanza kuuma. Na maji baridi. Una friji la barafu kwenye gari, umebarikiwa kuliko mimi.

Jambo la mwisho: nina mwanya wa mbele, nimeurithi kwa mama. Nilimwambia daktari apange yote ila huo aniachie. Alidhani natania. Ninao hadi leo.

---

Tabibu wa Meru

Ndugu Dereva, mimi ni tabibu wa meno wilaya ya Meru. Waya sifungi, hiyo ni kazi ya bingwa, ila midomo ya aina yako naiona kila siku ya kazi.

Kuhusu kibati kubanduka: ndiyo, meno yako yanahusika. Floridi ikizidi kwenye maji wakati jino la mtoto bado linajengeka ndani ya ufizi, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haikomai inavyotakiwa. Tabaka lake la juu kabisa linabeba floridi nyingi na linakuwa gumu dhidi ya asidi, na chini yake kunabaki na vitundu vidogo vidogo vinavyokuja kushika ile rangi ya kahawia. Sasa, kibati hakishikwi na gundi peke yake. Daktari anapaka kwanza asidi ya fosforiki, mara nyingi ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, ili enameli ikwaruzike na gundi ipate pa kuzama. Jino lililokunywa floridi sana halikwaruziki sawasawa kwa muda huo, na gundi inashika juu juu. Ndiyo maana mabingwa wengine kwa wagonjwa wa huku hulisugua jino kwanza kwa unga wa oksidi ya alumini unaopulizwa kwa mashine, wengine huongeza muda wa asidi. Mwambie daktari wako kibati kilibanduka bila kung'ata kitu, hiyo ni taarifa muhimu kwake. Na kama bado kimeshikwa na waya, kiache hapo hapo kisogee kitakavyo mpaka siku yako. Kikitoka kabisa kiweke kwenye bahasha ukirudishe.

Kuhusu waya kuchoma: kabla ya safari ndefu omba wakukunjie ncha za waya kule nyuma, ni kazi ya dakika chache na itakuokoa. Waya wa mwanzo ni mwembamba, wa nikeli na titani, unateleza ndani ya vibati kadiri meno yanavyojipanga, kwa hiyo mtetemo wa barabara ukikuta nafasi unausukuma upande mmoja. Beba nta ya meno, kausha kile kichuma kwa tishu, kisha bandika kipande cha nta ukubwa wa punje ya dengu. Nta ikiisha, pamba safi kidogo itakusogeza mpaka kambini. Waya mwembamba unaweza pia kuusukuma taratibu kwa kifutio cha penseli ulalie jino. Kukata kwa kikata kucha ni hatua ya mwisho kabisa, kikiwa kimesafishwa kwa spiriti, na mtu mwingine akushikie ile ncha isiende kooni. Sukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu, shavu linapona haraka.

Baridi aliyoitaja Mama Kiboriloni ina sababu. Nyaya nyingi za nikeli na titani zinalegea zikipoa na kukaza zikipata joto la mdomo. Chai ya moto inaamsha maumivu, maji ya barafu yanayatuliza kwa muda.

Vibonge usiombe vitolewe. Wewe meno yako ya chini yanazama mno nyuma ya yale ya juu, na vibonge ndivyo vinavyoyapa meno mengine nafasi ya kuhama mpaka kina hicho kipungue. Vitachongwa kidogo kidogo.

Na hapo kwenye magadi, Mama Kiboriloni anayakwepa kwa ajili ya ladha, mimi nawaomba myakwepe kwa ajili ya watoto. Magadi yana floridi. Tafiti zilizofanywa huku Arusha na Kilimanjaro zimeyahusisha na meno ya kahawia hata kwenye vijiji ambavyo maji yake ni mazuri.

---

Kijenge Juu

Nilikuwa napita tu, lakini habari ya picha imenisimamisha.

Mimi nilikwenda kufungwa waya nikiwa na miaka 33. Daktari anaitazama picha ya eksirei, ananiuliza, chonge zako za chini uling'oa lini? Namwambia sijawahi kung'oa jino maishani. Nikampigia mama simu nikiwa nimekaa pale pale kwenye kiti. Akasema nilipokuwa mchanga niliharisha na homa ikapanda, majirani wakasema ni meno ya plastiki, nikapelekwa kwa mzee fulani akachokoa fizi kwa ncha ya spoku ya baiskeli. Kumbe yale waliyoyatoa ni machipukizi ya chonge zangu, na kila mtoto anayo. Upande mmoja chonge haikuota kabisa, upande wa pili imeota ndogo na imelala.

Kwa hiyo wakati wenzangu wanang'olewa magego madogo ili ipatikane nafasi, mimi nafasi ilikuwepo, tena upande mmoja tu, na meno yote yalishahamia huko. Mwaka mzima ulikwenda kurudisha mstari wa katikati ya mdomo mahali pake. Mama aliumia kuliko mimi. Nilimwambia alifanya walichofanya wote mtaani, na kweli tulikuwa wengi. Mwenye mtoto mchanga anayeharisha ampeleke zahanati.

Kuhusu S: mimi naimba kwaya, sauti ya tatu. Mwenyekiti wa kwaya alitaka nipumzike, nikakataa. Dereva, wewe una bahati ya kuwa peke yako kwenye gari ukienda kupokea wageni KIA. Soma mabango yote ya barabarani kwa sauti kuanzia Usa mpaka uwanjani. Tamka polepole, usikimbilie neno linalofuata.

---

Dereva wa Usa

Wakuu sijui niwashukuruje. Mama Kiboriloni, nimemsomea mke wangu sehemu ya mtori, amesema ndizi mshare zipo soko la Tengeru, Jumatano anaziendea.

Tabibu, maswali mawili. Nimeona dukani dawa ya meno iliyoandikwa haina floridi. Kwa mtu kama mimi niliyekunywa floridi tangu tumboni, si ndiyo inanifaa? Na la pili, nina binti wa miaka mitano. Maji yetu ni ya kijito, tunachemsha kila siku.

Chalii, banda la ng'ombe lilishaezekwa mwaka juzi, ng'ombe hajalalamika.

---

Tabibu wa Meru

Endelea na dawa yenye floridi. Enameli yako ilishamaliza kujengeka zamani, haiwezi kuwa ya kahawia zaidi kwa sababu ya dawa ya meno unayoitema. Kinachokutisha sasa ni kutoboka. Chakula kinakaa pembezoni mwa vibati, na siku vinatolewa unakuta alama nyeupe zimechora mraba wa kila kibati, huo ndio mwanzo wa kuoza. Tumia mswaki laini, pitisha juu ya vibati kisha chini ya vibati, na nunua vile vibrashi vyembamba vya kupita chini ya waya. Porini ukikosa nafasi sukutua maji kwa nguvu mara baada ya kula, mswaki utafuata jioni.

Binti ndilo swali kubwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki pale pale, kwa hiyo kwenye sufuria iliyochemka sana inakuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi chini ya Mlima Meru vinapita hapo kwa mbali kwa sababu ya miamba ya volkano. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, wamefanya kazi na chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nenda kaulize pale, si mbali na wewe. Ukishindwa, vuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wake. Meno yake ya kudumu, hasa ya nyuma, bado yanajengeka sasa hivi. Akifika miaka minane hivi hatari ya rangi itakuwa imepungua sana. Dawa ya meno mwekee ukubwa wa punje ya njegere na asimamiwe ateme.

---

Chalii wa Sakina

Kwa hiyo wakimfunga waya akamaliza, meno yatakuwa yamenyooka lakini bado kahawia? Mimi ningeanza na rangi.

---

Tabibu wa Meru

Ungeanza na rangi ungefanya kazi mara mbili. Ukishatoa vibati kuna gundi ya kusafisha, ndipo unatazama jino lilivyo. Aliye na madoa mepesi anasuguliwa tabaka dogo la juu, mwenye madoa mazito anafunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Wengi nawaona wakishanyooshewa meno hawarudi kuulizia rangi.

---

Dereva wa Usa

Nimerudi juzi kutoka safari ndefu, Tarangire mpaka kaskazini ya Serengeti na kurudi. Naleta taarifa kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Ncha za waya zilikunjwa na kibati kikabandikwa upya kwa ule unga wa kupuliza. Daktari alikuwa anao, aliniambia kwa watu wa ukanda wetu angeanza nao moja kwa moja kama angejua nimekulia wapi. Rasta ya kwenda Naabi nimeipita bila damu. Thermos ya uji imefanya kazi, ya mtori imefanya kazi kupita kiasi: mpishi wa kambi alionja, akaupika jioni iliyofuata kwa wote, na wageni wakamaliza sufuria kabla mimi sijajaza sahani. Parachichi hazikufaa. Kufika mchana kwa ule mtikisiko zimekuwa nyeusi. Pamba nayo nimeimeza mara moja, nitabeba nta nyingi.

Kuhusu kuongea nilifuata ushauri wa Mama. Asubuhi ya kwanza Karatu, kabla ya kuwasha gari, nikawaambia wageni kwamba nimefungwa waya na nikitamka majina vibaya wanisahihishe. Mzee mmoja wa Marekani, ana miaka sitini na kitu, akafungua mdomo akachomoa plastiki mbili zinazoonyesha upande wa pili, akaziweka mezani kwenye kikopo chake. Kumbe naye ananyooshwa. Tangu hapo kila mlo yeye anachomoa zake, mimi nachokoa zangu kwa kibrashi, na mke wake anatazama dirishani.

Tabibu, kwa nini sikuambiwa habari za hizo plastiki?

---

Tabibu wa Meru

Huenda kwa ajili ya kina cha meno yako na pia kwa ajili ya kazi yako. Zile zinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, zinavuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na kila baada ya muda unahamia seti inayofuata. Ukiipoteza, kazi inasimama, na meno yanaanza kurudi. Bei nayo huwa ya juu. Hata hivyo utazijua tu: ukishatolewa waya utavaa riteina, nyingi ni plastiki ya namna hiyo hiyo. Mtu mzima ahesabu kuivaa usiku kwa miaka mingi, kwa sababu meno hayaachi kutaka kurudi yalikotoka.

---

Dereva wa Usa

Basi walinijua. Ningeiacha kwenye kitambaa cha mezani Tarangire na nyani wangeivaa.

Mama Kiboriloni, moja la mwisho. Disemba tunapanda Machame kwa wakwe, kuna sendofu ya shemeji. Ndafu itakatwa mbele ya watu na mimi ni mmoja wa wanaolishwa. Nikitema itakuwa kesi. Nifanyeje?

---

Mama Kiboriloni

Hiyo usiipeleke siku yenyewe. Mpigie sasa hivi shangazi wa bibi harusi, au yeyote anayesimamia jiko, mwambie una vyuma. Wakikata ndafu kipande chako kitoke kwenye mgongo, siyo paja, na kiwe kidogo kabisa. Kipokee, kipeleke moja kwa moja kwenye gego lenye kibonge, usikiguse kwa meno ya mbele, tafuna upande mmoja, ukichoka kunywa soda kidogo kikusaidie kushuka. Hakuna atakayekuangalia, wote watakuwa wanamwangalia bibi harusi. Baada ya hapo omba maini na supu, huko ndiko utakakoshiba. Panga miadi ya kukaza waya iwe mapema mwezi huo, usiende kukaza siku mbili kabla ya sherehe. Na vibrashi viweke mfuko wa koti, siyo kwenye gari, maana nyama ya mbuzi ina nyuzi na picha za ukoo zinapigwa mara tu baada ya kula.